Kilifi hadi Malindi: Ndimu na ukwaju huokoa baiskeli iliyoliwa na chumvi

Ukivuka daraja la Nyali ukitoka kisiwani Mombasa na kushika njia ya kaskazini, una safari ya kilomita 120 hivi mbele yako kabla ya kufika Malindi. Utapita Mtwapa na pilikapilika zake, utapita mashamba ya mkonge ya Vipingo, utaiacha upande wa bahari njia inayoingia mji mkongwe wa Takaungu, kisha utafika daraja la Kilifi. Hapo wengi wetu tutokao mijini hukimbilia dirishani kutazama mkono wa bahari ulio chini. Wakongwe nao hukumbusha kwamba kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka wa 1991, kila gari na kila mtu alivushwa kwa feri.

Bahari ina watazamaji wa kutosha. Leo, msomaji, nakuomba uyateremshe macho kando ya barabara, uitazame baiskeli.

Itazame ile iliyobeba mitungi minne ya maji, miwili kila upande. Itazame nyingine iliyosheheni makuti hata mwendeshaji haonekani. Hii hapa ina mashada ya madafu, ile pale ina gunia la makaa, na ile inayokuja mbio ni ya mchuuzi wa samaki aliyetoka pwani alfajiri, kikapu kimefungwa nyuma kwa mipira ya tyubu kuukuu. Anaharakisha ili afike vijiji vya ndani kabla jua halijawa kali na mali yake haijaharibika. Na mara kwa mara utaona baba amempakia mtoto kwenye keria, sare safi na mkoba mgongoni, wanaelekea shule.

Nyingi ni zile baiskeli nzito nyeusi, zenye magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma badala ya waya. Wakenya tumezipa jina la Black Mamba. Raleigh zilitoka Nottingham kule Uingereza, Hero zikatoka Ludhiana nchini India, na Phoenix zikatoka Shanghai. Zilipofika huku zikawa wenyeji, na zikapewa kazi ambazo waliozitengeneza hawakuziota.

Ni kweli kwamba pikipiki zimetwaa sehemu kubwa ya kazi hiyo, hasa tangu mwaka wa 2008 serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo. Hata jina la bodaboda, ambalo lilianza kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo mpakani Busia, siku hizi limekuwa la pikipiki. Lakini pikipiki hunywa petroli kila siku, ilhali baiskeli hunywa jasho tu. Kwa mwenye kipato kidogo, tofauti hiyo ndiyo unga wa jioni.

Basi ikiwa baiskeli ni mali ya thamani namna hii, mbona huku Pwani huchakaa upesi kuliko kwetu bara? Na wewe uliye Nairobi, Nakuru au Mombasa, mwenye baiskeli ya marehemu babu imelala stoo, jambo hili lakuhusu vipi?

Chumvi iliyo hewani

Jibu la swali la kwanza utalipata ukiendelea na safari hadi kaskazini ya Malindi. Vuka mto Sabaki, uzidi kwenda mbele hadi Gongoni na Marereni. Huko utakuta mabwawa mapana yasiyo na kina. Maji ya bahari huingizwa humo, jua na upepo huyakausha, na kinachobaki ni chumvi nyeupe inayorundikwa kama vilima. Kila lita moja ya maji ya bahari hubeba chumvi ya gramu 35 hivi. Kinachofanyika katika mabwawa yale kwa makusudi, hufanyika pwani yote bila ya mtu kukusudia. Mawimbi hupasuka kwenye mwamba, matone madogo huruka, upepo huyachukua. Maji hukauka njiani, chumvi ikaja kutua juu ya mabati, madirisha, nguo zilizoanikwa na baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Kusi ikivuma huleta chumvi, na Kaskazi ikishika zamu huleta chumvi.

Chuma hushika kutu kikikutana na hewa na maji. Maji yenye chumvi huharakisha kazi hiyo kwa sababu hupitisha umeme vizuri, na kutu si kitu ila umeme mdogo mdogo unaotembea juu ya chuma na kukila polepole. Isitoshe, chumvi hunyonya unyevu wa hewani. Kwa hiyo hata siku isiyo na mvua, chuma chenye chumvi hakikauki sawasawa.

Sasa mfikirie mchuuzi wa samaki. Kikapu chake hudondosha maji ya bahari na ya barafu iliyoyeyuka njia nzima. Matone huangukia keria, yakashuka kwenye habu ya gurudumu la nyuma, yakaingia katika cheni. Baiskeli yake hulishwa chumvi kwa kijiko.

Ukifika Malindi mjini, nenda ukaione nguzo inayokumbusha kuja kwa Vasco da Gama mwaka wa 1498. Imesimama karne kwa karne ikipigwa na upepo huo huo. Jiwe lina subira na chumvi, chuma hakina.

Hapo ndipo jambo linapokuhusu wewe wa mjini. Baiskeli iliyowahi kuishi Pwani huenda nayo bara chumvi yake. Ukiipandisha juu ya basi hadi Nairobi na kuifungia stoo, chumvi itaendelea na kazi yake humo gizani, na masika yakifika itapata unyevu wa kuisaidia. Miaka kumi baadaye mtoto ataivuta nje, ataona kutu kila mahali, na wazee watasema iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Ama kwa hakika, mara nyingi hukumu hiyo huwa ya haraka mno.

Kutu huficha ufa

Huenda utasema kwamba kutu ni aibu ya macho tu, na kwamba baiskeli itembeayo haina haja ya kung'aa. Hapo, msomaji, ndipo penye hatari.

Kutu hufunika. Chini ya gamba jekundu panaweza kuwa na chuma kizima, na panaweza kuwa na ufa. Mkono wa breki uliomong'onyoka hadi kubaki mwembamba kama njiti hauonekani mpaka usuguliwe. Spoki iliyokatika nusu kwenye kiwiko chake, pale inapoingia habu, haionekani. Ufa kwenye maungio ya uma wa mbele, yaani sehemu ile inayoshika gurudumu la mbele na kubeba uzito wa mwendeshaji wakati wa kufunga breki, hauonekani. Hivi vyote hujificha ndani ya kutu na grisi iliyochanganyika na mchanga, vikisubiri mteremko.

Na miteremko huku ipo. Pale Kilifi, njia ya kwenda ufuoni, mahali feri ilipokuwa ikishukia, humshusha mtu bila ya kumwuliza. Mtu aliyempakia mtoto nyuma, akafinya breki na chuma kikakatika, hatakuwa na nafasi ya pili. Hivyo basi kusafisha vyuma vya baiskeli ni kuikagua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa usiouona utauzibaje?

Elimu iliyotoka jikoni

Jambo la kufurahisha ni kwamba dawa nyingi za kutu hazihitaji kwenda dukani kwa fundi. Zimo jikoni, na wanaozifahamu tangu zamani ni akina mama.

Katika nyumba za Pwani sinia na mabirika ya shaba yalikuwa fahari ya nyumba. Sikukuu ikikaribia, yalitolewa nje yakasuguliwa kwa ukwaju au ndimu, pamoja na jivu au mchanga laini, kwa kipande cha kumbi la nazi. Baada ya muda mfupi shaba iliyofifia iliwaka kama jua la asubuhi. Kinachofanya kazi ni ule ukali wa ukwaju na ndimu, yaani asidi, ambayo huyeyusha uchafu ulioota juu ya madini. Jivu na kumbi husugua bila ya kuchubua sana.

Asidi hiyo hiyo huyeyusha kutu ya chuma. Siki ya mezani hufanya vivyo hivyo, na hata ile soda nyeusi ya chupa iliyobaki baada ya karamu ya watoto ina ukali wa kutosha kutia mng'aro kwenye usukani. Kwa hiyo ukikaa na fundi wa baiskeli chini ya mwembe, na ukakaa na nyanya jikoni, utaona kwamba elimu yao ni moja. Tofauti ni kwamba mmoja ana spana na mwingine ana kinu.

Sasa tuingie kazini. Tafuta siku yenye jua, utandike gazeti la zamani uani (lakini si ukurasa huu, kwani utauhitaji), ukusanye vitu hivi: sabuni ya unga, mswaki mkuukuu, vitambaa, ndimu au siki, ukwaju, magadi, mafuta ya taa kidogo, karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula, mafuta ya cherehani na grisi.

Kwanza, ondoa chumvi

Osha baiskeli nzima kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha uisuuze kwa maji mengi. Usidharau hatua hii. Ukianza kusugua kutu kabla ya kuosha, mchanga utachubua rangi na chumvi utaisukuma ndani zaidi.

Kwa walio Pwani kuna jambo la kuangalia. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvi chumvi. Kusuuzia maji hayo ni kumtibu mgonjwa kwa ugonjwa wenyewe. Tumia maji ya mfereji au ya mvua, hata kama ni ndoo mbili tu.

Baadaye toa kiti pamoja na bomba lake, uipindue baiskeli juu chini. Usishangae yakitoka maji mekundu. Fremu ni mirija mitupu, na maji huingia kupitia tundu la kiti yakakaa humo kwa miezi. Iache hivyo juani hadi ikauke.

Pili, ondoa grisi ya zamani

Siki na ndimu haziwezi kupenya grisi. Sehemu zenye mafuta, yaani cheni, gurudumu la meno la nyuma, habu na pedali, zisafishe kwa mafuta ya taa. Mimina kiasi kidogo katika mkebe, tumbukiza vyuma kwa dakika 20 hivi, kisha usugue kwa mswaki. Ukimaliza usiyamwage mafuta hayo shambani wala karibu na kisima. Yaache yatulie kwenye chombo chenye kifuniko. Uchafu utazama chini, na mafuta ya juu utaweza kuyatumia tena.

Ukifungua habu, tandika kitambaa chini na uhesabu gololi kabla hazijakimbia. Kwa kawaida habu ya nyuma huwa na gololi 9 kila upande, na ya mbele 10 ndogo zaidi. Zikisafika zitazame moja moja kwenye mwanga. Gololi nzima hung'aa kama kioo. Ukiona vishimo, hata kwenye moja, badilisha zote za upande huo. Bei yake ni ndogo, na gololi mbovu hula habu ambayo bei yake si ndogo.

Tatu, kutu yenyewe

Usukani, rimu na kengele huwa zimepakwa kromiamu inayong'aa. Kutu yake mara nyingi ni madoadoa ya juu juu. Chukua kipande cha karatasi ya kung'aa, ukikunje kunje, ukichovye katika maji yenye siki kidogo, usugue kwa mizunguko midogo bila ya nguvu nyingi. Karatasi hiyo ni ya alumini, madini laini kuliko kromiamu, kwa hiyo huondoa kutu bila ya kuchora mistari. Kengele ikiwa ni ya shaba, ipake ukwaju uliolowekwa na kufikichwa, uiache nusu saa, uisugue kwa kumbi la nazi na kuisuuza. Hutaamini ni kengele ile ile.

Vyuma vidogo vilivyoliwa sana, kama nati, boliti, washa na vipande vya keria, vilaze katika bakuli la siki au maji ya ndimu usiku mmoja. Asubuhi kutu itakuwa imelegea kama tope, na mswaki utamaliza kazi. Usiviache siku tatu ukavisahau, kwa maana asidi ikimaliza kutu huanza kula chuma kizuri.

Wapo wanaoshauri kutia chumvi katika siki ili ifanye kazi haraka zaidi. Ni kweli huharakisha. Lakini sisi tumetumia asubuhi nzima kuifukuza chumvi, ya nini kuikaribisha tena mlangoni? Subiri masaa machache zaidi.

Vikishatoka kwenye siki, visuuze, kisha uvichovye katika maji ya magadi, kijiko kikubwa kimoja kwa lita moja. Magadi huua ukali wa asidi iliyobaki. Suuza tena, ufute, uanike juani.

Sasa fanya hima. Chuma kilichotoka kwenye asidi ni kama mtoto aliyetoka kuoga, hakina nguo. Ukikiacha uende ukanywe chai, utarudi ukute wekundu mpya umeanza kutanda. Kikikauka tu, kipake mafuta. Watu wengi hulalamika kwamba siki haifai kwa sababu kutu ilirudi juma lile lile. Kosa halikuwa la siki. Walikosa kukausha na kupaka mafuta.

Cheni usiilaze katika siki wala ndimu. Chuma chake kimekaushwa kwa moto kiwe kigumu, na asidi huweza kukifanya kivunjike kwa urahisi. Aidha huingia katika viungo vyake ambako huwezi kuisuuza ikaisha. Cheni ni mafuta ya taa, sabuni, jua na mafuta ya cherehani. Ikiwa viungo vimekakamaa na havikunjiki hata baada ya hayo, nunua nyingine.

Fremu yenye rangi usiisugue kwa waya, hasa ikiwa bado ina mistari na maandishi yake ya dhahabu. Sabuni na kitambaa laini vyatosha. Mahali rangi ilipobanduka, sugua kutu taratibu kwa waya laini ya kusugulia sufuria, futa, kausha, upake rangi kidogo.

Nne, kagua kabla ya kufunga

Huu ndio wakati uliokuwa ukiutafuta tangu asubuhi. Vyuma vi wazi, jua lipo. Mwite mtoto mwenye macho makali mwende pamoja. Tazameni maungio ya uma wa mbele, vyuma vya breki na mahali vinapozungukia, pini zinazoshika mikono ya pedali, viwiko vya spoki, na miguu ya keria. Pitisha ukucha juu ya kila mstari unaoutilia shaka. Ukucha ukinasa, huenda ni ufa. Uma wenye ufa hausafishwi wala haupakwi rangi, hubadilishwa. Fundi akikwambia ataupiga welding upesi upesi, mshukuru na umwombe akutafutie mwingine.

Kisha paka grisi kwenye habu na pedali, mafuta ya cherehani kwenye cheni tone moja kwa kila kiungo, na ufute yanayozidi. Mafuta mengi kwenye cheni hayana faida ila kukusanya mchanga. Usukani na rimu, upande usioguswa na breki, vipake mafuta ya mgando kwa wembamba sana. Yatazuia chumvi kugusa chuma.

Mafuta ya nazi, pamoja na heshima zote tunazoyapa, tuyaache kwenye nywele na mapishi. Huvunda, hunata, na katika baridi ya Nairobi huganda kabisa, kwani yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi huanza kuwa mazito. Cheni yenye mafuta yaliyoganda haiendi popote.

Hadhari nyumbani

Mambo manne tafadhali yazingatie.

La kwanza, mafuta ya taa usiyatie katika chupa ya soda hata kwa dakika moja. Mtoto mwenye kiu hawezi kujua tofauti. Ikitokea ameyanywa, usimlazimishe kutapika, kwa sababu mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali.

La pili, kazi ya mafuta ya taa ifanyike nje, mbali na jiko na sigara. Petroli usiitumie kabisa.

La tatu, usichanganye Jik na siki, ndimu au ukwaju. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayochoma koo na mapafu. Isitoshe, Jik yenyewe hukifanya chuma kishike kutu. Kaa nayo mbali na baiskeli.

La nne, mafuta ya aina yoyote yasiguse mipira ya breki wala rimu mahali inapogusana nayo. Katika Black Mamba mipira hiyo hukaba rimu kwa upande wa ndani, unaoelekea habu. Pafute hapo kwa kitambaa chenye sabuni, pakauke, na ujaribu breki kwa kuisukuma baiskeli kwa mkono kabla ya mtu yeyote kuipanda.

Faida yake

Ukijumlisha gharama, utaona hujatumia zaidi ya bei ya ndimu chache, chupa ya siki, mafuta ya taa kidogo na kopo la grisi. Ulichotumia kwa wingi ni siku moja ya mapumziko na nguvu za mikono. Kwa malipo hayo umepata chombo ambacho vyuma vyake vizito vilitengenezwa kudumu, na ambacho vipuri vyake vya asili vinazidi kuadimika. Nati ya zamani iliyosafishwa vizuri mara nyingi ni bora kuliko mpya ya chuma laini.

Mchuuzi wa samaki hana nafasi ya kufanya haya yote kila juma. Lakini hata yeye akiimwagia baiskeli ndoo ya maji yasiyo na chumvi kila jioni, akaifuta na kuitia tone la mafuta kwenye cheni, ataongeza miaka katika umri wake. Wewe usiyebeba samaki una udhuru gani?

Kwa familia zitakazokwenda Pwani likizo ijayo, mkishaoga baharini na kuyatembelea magofu ya Mnarani na Gede, tengeni saa moja mkakae karibu na fundi wa baiskeli, Kilifi au Malindi. Msalimieni kwa adabu, agizeni chai, mumwangalie akifungua habu. Watoto watajifunza mengi katika saa hiyo.

Na kwa wale ambao baiskeli ya babu imelala stoo, Jumapili ndiyo hii. Itoeni nje juani. Anzeni kwa maji na sabuni, mfuate kwa ndimu, mmalizie kwa mafuta, na macho yenu yasiache kutafuta ufa. Baiskeli ikipita ukaguzi huo, mtoto aipande. Isipopita, heri mmejua leo ikiwa imesimama uani.